Maoni ya Wifi Yangu

Je, baba mkubwa angekubali mstari wa hifadhi usogezwe, kama maneno ya wifi ningempelekea jikoni kwake, kama tulivyozoea katika ukoo wetu, badala ya kuyasoma mkutanoni? Nimejiuliza swali hilo tangu nilipokuwa msichana mwenye shahada mpya, na leo ninavaa miwani ya kusomea. Kuna miaka niliyolijibu ndiyo, kwa sababu nilitaka kujiadhibu. Kuna miaka niliyolijibu hapana, kwa sababu nilitaka kupumzika. Majibu yote mawili hayana ushahidi, na watu wawili ambao wangeweza kunisaidia, mmoja amekufa na mwingine sikuwahi kuthubutu kumuuliza.

Ilikuwa miaka ya tisini, serikali ilipokwisha kuacha kuwapangia kazi wahitimu wa chuo kikuu. Nilikuwa nimesoma sosholojia nikiamini kwamba barua ya kuripoti kazini ingenifikia kama ilivyowafikia waliotutangulia. Haikufika. Nilirudi Tukuyu, kwa mama yangu, katika mtaa wa Msasani, nikawakuta stendi wanaume waliopunguzwa katika mashirika ya umma wakishusha magodoro na majiko yao kutoka juu ya mabasi. Mama alikuwa ameanza kuuza masweta ya mitumba. Kwa mvua na baridi ya kwetu, biashara hiyo haikuwa mbaya. Nilikaa naye nyuma ya lile rundo, nikikunja na kukunjua, na watu waliokuja kuchagua waliniita msomi kwa upole ambao ulinichoma kuliko dhihaka. Shahada yenyewe ilikaa ndani ya bahasha juu ya kabati, mahali ambapo paa halikuvuja.

Kisha ukaja mradi. Katika kijiji alichozaliwa baba yangu kuna ziwa dogo lililokaa ndani ya shimo la volkano ya zamani. Pande tatu zimezungukwa na msitu wa mteremko mkali, na upande wa nne kuna ufuko mwembamba, mahali pekee ambapo mtu anaweza kushuka na ndoo bila kushika mizizi. Wafadhili walitaka ziwa, msitu na ufuko viwe hifadhi, watalii waje, vijana wapate kazi ya kuwaongoza. Lakini wafadhili wa siku zile hawakutoa fedha kabla ya kuthibitishiwa kwamba wananchi wametoa maoni. Neno ushirikishwaji ndiyo kwanza lilikuwa limefika wilayani, na kila aliyelitamka alilitamka polepole, asije akalikosea. Alitafutwa mtu mwenye elimu, anayejua Kinyakyusa na anayefahamika kijijini. Nikapatikana mimi. Cheo changu kiliandikwa mkusanya maoni, na mama alipokisoma aliuliza kama ni kazi ya kudumu.

Fomu tulizopewa zilitungwa kwa ajili ya hifadhi moja ya pwani. Aliyezileta alibadilisha jina la mahali kwenye ukurasa wa kwanza, akaacha mengine yote. Swali la nne liliuliza kaya yako hutumia mikoko kwa shughuli gani. La tano liliuliza kuhusu uvunjaji wa matumbawe. Tulizijaribu kwanza katika kijiji cha Matwebe, na mzee mmoja aliyekuwa akichambua maharage alifikiri kwa muda mrefu, kisha akataka kujua kwa heshima kabisa kama mikoko ni jamii ya mianzi. Afisa wa mradi, kijana mpole aliyetoka mbali na aliyekuwa na mafua tangu siku aliyofika, alinitazama, akasema niandike hawatumii. Ndivyo ilivyokuja kuandikwa katika ripoti kwamba wananchi wa wilaya ya Rungwe hawaharibu mikoko.

Dereva wetu alikuwa mfanyabiashara wa pale pale Msasani, Mwislamu ambaye babu yake alikuja na marobota ya vitambaa akabaki. Mradi ulikodi pikapu yake. Yeye ndiye aliyekuwa akicheka wazi. Kila tuliporudi garini aliuliza, "Haya, dada, leo papa wangapi?" Nami nilicheka naye. Sikuona bado kwamba fomu ilikuwa na kasoro nyingine, kubwa kuliko mikoko.

Inabidi nieleze habari za wifi yangu. Alikuwa mjane wa mtoto wa baba mkubwa, kaka yangu kwa ukoo, aliyefariki kwa homa iliyodumu wiki mbili na kumwachia mabinti wawili. Nyumba yake ilikuwa chini kabisa, hatua chache kutoka ufukoni, peke yake, migomba nyuma na magimbi mbele mpaka kwenye maji. Mgeni angedhani walijenga pale kwa ajili ya kupenda ziwa. Sababu haikuwa hiyo. Kwetu mkamwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja, hapiti mbele yake. Akimwona kwa mbali njiani huingia migombani mpaka apite. Na baba mkwe mwenye adabu hukohoa kabla ya kukata kona ili ampe nafasi. Hakuna uadui wowote katika jambo hilo. Kwa wazee ni heshima ya juu kabisa, na inawafunga wote wawili. Wengi wa rika langu, hasa waliooana mjini, wameliacha. Baba mkubwa hakuliacha. Wifi naye, aliyelelewa kijijini Kinyala na bibi yake, hakuliacha. Kwa kuwa mashamba yote ya juu yalipakana na njia za mzee, kaka alimjengea mkewe mahali pekee ambapo baba yake hakuwa na sababu ya kupita, yaani pale ziwani.

Maneno baina yao yalipitia kwa mtu wa tatu. Zamani alikuwa mama mkubwa, mkewe mzee, na alipofariki kazi hiyo iliniangukia mimi kila nilipokuwa nyumbani. Ilikuwa na utaratibu wake. Niliingia jikoni kwa baba mkubwa, nikakaa kwenye kigoda, tukaongea habari za mvua na za ng'ombe, kisha nikasema, "Huko chini wanaulizia bati moja, upande wa jiko unavuja." Sikumtaja mtu. Baba mkubwa alisema bati lipo nyuma ya zizi, au alisema mwaka huu hapana, na aliniambia mimi, kana kwamba paa linalovuja ni langu. Akikataa, hakuna aliyekataliwa. Akikubali, hakuna aliyeomba. Nilipokuwa chuoni niliwahi kuwasimulia wenzangu utaratibu huo, nao wakacheka, na mimi nikacheka zaidi yao.

Mkutano wa kwanza ulifanyika katika ukumbi wa kanisa. Baba mkubwa, akiwa mwenyekiti wa baraza la wazee, alikaa meza kuu kati ya afisa na mimi. Niliweza kukaa pale mbele, mwanamke peke yangu, kwa sababu mimi nilikuwa binti wa ukoo na si mke wa mtu yeyote kijijini. Wanawake walioolewa katika familia za wazee waliokaa mbele walibaki nje, wengine ukutani chini ya paa, wengine migombani. Afisa aliwaona kupitia dirishani, akasikitika kwamba ukumbi ni mdogo, akaagiza kipaza sauti cha pikapu kifungwe juu ya mlango ili na wao wasikie. Kilifungwa. Kwa kuwa sasa sauti ilifika mbali, wanawake wakapata nafasi ya kusogea mbali zaidi.

Wazee walizungumza vizuri. Mmoja alitaka kujua kama watalii hula ndizi. Mwingine alisema wageni wakija wasiruhusiwe kuoga uchi, watu wakacheka, na afisa akaandika. Ndipo baba mkubwa akasimama kuonyesha mahali mstari wa hifadhi utakapopita upande wa ufuko. Akasema upite juu, kutoka mti mkubwa wa mvule hadi kijito.

"Pale chini ni pa ukoo wangu," akasema. "Nimepatoa, kijiji kipate maendeleo. Watoto wa marehemu watapanda kwangu."

Wakampigia makofi. Hakusema neno kuhusu mama wa watoto hao, na kwa mila yetu hakuweza kumtaja mbele za watu. Alikuwa ametoa kitu chake mwenyewe, cha thamani, na uso wake ulionyesha hivyo. Sidhani kama moyoni alikuwa na hila. Nadhani alifikiri kwamba mkamwana angerudi kwao Kinyala, kama wajane wengi walivyorudi, na kwamba kama ana neno atalituma kwa njia inayojulikana.

Afisa akauliza akina mama wana maoni gani. Ukumbi ulikuwa kimya. Akasubiri kidogo, akauliza tena kwenye kipaza sauti, na huko nje pia palikuwa kimya. Akanigeukia. Katika sehemu ya wanawake nikaandika kwamba hawakuwa na pingamizi. Niliandika kwa mwandiko mzuri, nikijua ninachoandika.

Siku ya pili yake nilishuka ziwani. Wifi alikuwa akimenya ndizi mbichi mbele ya nyumba, miguu ndani ya mabuti ya mpira ya marehemu mumewe.

"Karibu, msomi," akaniambia. "Umekuja kunihesabia mikoko?"

Habari za fomu zetu zilikuwa zimemfikia kabla yangu. Tulicheka, akanipa kisu, tukamenya pamoja. Kisha akasema alikuwa amesikia kila kitu, kwamba kile chombo chetu kinasema mpaka ndani ya maji. Hakulia wala hakumlaumu mzee. Alikuwa amekwisha kufikiri. Ufuko wachukue, alisema, na magimbi atang'oa kwa mkono wake mwenyewe, hata kisima chake atakifukia wakitaka. Ila mstari upite chini ya nyumba, kwenye ile safu ya mianzi, si juu kwenye mvule.

"Nyumba waniachie," akasema. "Nikitoka hapa, wanangu wanapanda kwa babu yao, na mimi siwezi kupanda. Wewe unalijua hilo, wifi. Hakuna mahali pengine hapa kijijini ninapoweza kuwa na watoto wangu."

Nilijua. Watoto ni wa ukoo wa baba yao. Ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa. Angeweza kurudi kwa kaka yake Kinyala wakati wowote, na angeweza kurudi peke yake tu. Juu, mashamba yote aliyoweza kugawiwa na wakwe zake yalikuwa njiani kwa mzee. Nyumba ile ya matofali mabichi ndiyo iliyomfanya awe mama anayelala paa moja na wanawe.

"Mpelekee," akasema. "Panda sasa hivi, hajaenda kukama."

Hapo ndipo ninaporudi mara nyingi. Mlima ulikuwa mfupi. Jikoni kwa baba mkubwa moto ulikuwa unawaka, moshi wake tuliuona kutoka pale tulipokaa. Ningefika, ningekaa kwenye kigoda, ningesema huko chini wanaomba mianzi iwe mpaka. Nilimwambia nina njia bora zaidi.

Nilimweleza kwamba kutakuwa na mkutano wa pili wa kuthibitisha mpango, na kwamba maoni ya ziada yanaweza kuletwa kwa maandishi yakasomwa na kuingizwa katika muhtasari. Nilimwambia maneno ya jikoni hayaandikwi popote. Mzee akikubali leo, kesho watu wa ramani watauliza karatasi iko wapi. Haya yalikuwa kweli. Kulikuwa na jambo jingine, nalo sikumwambia. Niliona haya kuendelea kuwa mjumbe wa jikoni. Nilikuwa nimesoma vitabu kuhusu wanawake wasiosikika, na huyu hapa alikuwa mmoja wao, wifi yangu mwenyewe, na nilitamani kuona maneno yake yana namba ya aya katika waraka wa serikali.

Aliacha kumenya. "Na akisikia maneno yangu mbele ya watu?"

"Nitasoma mimi. Sauti itakuwa yangu."

"Na maneno yatakuwa ya nani?"

Nilimwambia siku hizi mambo yamebadilika, kwamba hata mashirika ya serikali yameuzwa, kwamba mzee mwenyewe anafahamu dunia inakwenda wapi. Yeye alinisikiliza akitazama maganda miguuni pake. Nilikuwa mdogo kwake kwa miaka kadhaa, na kwa kawaida alinitania kila niliposema jambo refu. Siku hiyo hakunitania.

"Basi," akasema, "wewe ndiye uliyesoma."

Nilimwandikia kwa Kiswahili cha ofisini, aya tatu. Akazisoma, akaweka sahihi yake, herufi moja moja, kwa kalamu yangu. Kisha akanifungia mkungu mdogo nimpelekee mama.

Mkutano wa pili ulikuja baada ya wiki moja, ukumbi ule ule, kipaza sauti kile kile. Walikuja watu wengi zaidi, kwa kuwa habari za watalii zilikuwa zimeenea. Baba mkubwa alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Aliniuliza habari za mama, akaniambia nimekonda. Afisa akasoma mpango, kisha akatangaza kwamba kuna maoni ya ziada kutoka kwa mwananchi, na mkusanya maoni atayasoma.

Sikutaja jina. Nilisoma: mimi mjane, mkazi wa ufukoni. Ufukoni kulikuwa na nyumba moja. Niliendelea na sentensi ya pili, iliyosema kwamba ninaomba mwenyekiti na baraza la wazee wafikirie upya. Hapo nikasikia kiti kikisogea.

Baba mkubwa aliweka kiganja juu ya meza, akanyanyuka. Alichukua kofia yake. Aligeuza uso ukutani, si kwangu wala si kwa watu, akakohoa mara mbili, kikohozi kile cha njiani, na kipaza sauti kikakitoa nje kikubwa kama cha jitu. Kisha akatoka kwa mlango wa pembeni. Nilielewa mara moja, na wote mle ndani wakaelewa, isipokuwa mtu mmoja. Mkamwana wake alikuwa ameingia ukumbini kwa maneno, na yeye, kama baba mkwe mwenye adabu, alikuwa amempisha.

Mlango wa pembeni ulifungukia upande wa wanawake. Nilisikia majani makavu ya migomba yakivunjika, miguu mingi ikikimbia kushuka, mmoja akiita mtoto wake. Wazee wengine wakasimama mmoja mmoja kumfuata mwenyekiti wao. Nami nilibaki na karatasi mkononi, aya mbili na zaidi zikiwa hazijasomwa.

Afisa alifunika kipaza sauti kwa mkono. "Mwenyekiti amekataa?"

"Hajakataa."

"Kwa hiyo amekubali."

"Hajakubali."

Alinitazama kwa macho mekundu ya mafua. Hakuwa mtu mbaya. Niliinama nikamweleza kwa kunong'ona habari za mkwe na mkamwana, na nikiwa katikati ya maelezo nikajisikia mjinga, kwa sababu nilikuwa ninaeleza kwa ufasaha mkubwa jambo ambalo ningepaswa kulikumbuka wiki moja kabla. Alisema anaheshimu mila, lakini fomu ina ndiyo na hapana. Pendekezo jipya lisingeweza kupitishwa bila mwenyekiti, na wazee waliobaki hawakutosha. Akaandika kwamba akidi haikutimia, hivyo mstari uliokubaliwa katika mkutano wa kwanza unabaki. Akatangaza kwamba watu wa kupigilia vigingi vya mpaka watakuja Jumatatu. Karatasi ya wifi aliibandika mwishoni kama kiambatisho. Ilipata namba.

Garini, dereva hakuuliza habari za papa. Tulipofika barabara ya lami ndipo aliposema, bila kunitazama, "Dada, mimi nyumbani kwetu tunaswali, hatuna mambo hayo. Lakini hata mimi nilijua lile hulisemi kwenye spika."

Siku iliyofuata, alasiri, nilipanda kwa baba mkubwa. Alikuwa jikoni. Kigoda changu kilikuwa mahali pake, nikakaa. Nilitaka kuanza na habari za mvua nikashindwa. Yeye ndiye aliyeanza, akasema ng'ombe mwekundu amezaa dume, akanionyesha kwa kidevu upande wa zizi. Aliniita mwanangu kama siku zote. Laiti angenifokea.

Nilimwomba aiandikie ofisi barua, au aitishe wazee, au aniambie mimi tu neno moja nilipeleke mjini, kwamba mianzi iwe mpaka. Niliongea sana. Alisubiri nikamaliza.

"Sasa nimeyasikia mbele ya watu," akasema. "Nikikubali, watasema mkamwana amesimama kwenye mkutano akaniamuru, nami nikatii. Nikikataa, nitakuwa nimemjibu. Hayo yote mawili sina ruhusa nayo. Umenifunga mikono, mwanangu."

"Na kama ningekuja hapa?" nikamuuliza. "Kama ningekuja jikoni, ungekubali?"

Alichukua kijiti akasogeza kuni. Mvua ilikuwa imeanza juu ya bati, na nilidhani hakunisikia.

"Hukuja," akasema.

Sikuona hasira katika uso wake, wala sikuona huruma ambayo ningeweza kuishika. Baadaye kidogo alisema watoto watalala chumba cha mama mkubwa, kina dirisha zuri. Aliniomba nikawaambie huko chini kwamba kuna maziwa ya kutosha. Ulikuwa ujumbe wa mwisho niliobeba kutoka jikoni mle.

Nilishuka nikiwa nimelowa. Wifi alikuwa ndani na mabinti, mkubwa akimsomesha mdogo herufi kwa mkaa kwenye kipande cha sanduku. Wifi aliwatuma wakaangalie kuku, ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Nilimwambia yote, kuanzia kiti kilichosogea, hata yale aliyoyaona kwa macho yake kutoka migombani. Nilimwambia habari za maziwa. Nilimwambia pia kwamba kosa ni langu, na nilitegemea, nakiri, kwamba angesema si langu.

Hakusema hivyo. Aliuliza Jumatatu ni siku ya ngapi kutoka leo. Nilimwambia bado siku nne. Akaweka mikono juu ya magoti, akiangalia mlango ambao mabinti walikuwa wametokea.

Nilianza kumweleza mipango. Kuna ofisi Mbeya ningeweza kwenda, kuna mwenzangu wa chuo anayefanya kazi gazetini, rufaa inaweza kuandikwa. Nilisema anaweza kukaa mle ndani mpaka watu wa vigingi wamtoe kwa nguvu, na ndipo dunia itaona. Alininyooshea kiganja ninyamaze.

"Wifi," akasema, "mimi nimekwisha kuonwa vya kutosha."

Nje mtoto mdogo alikuwa akimfukuza jogoo na kucheka.

"Wakija wakikuta watoto hapa," akaendelea, "watawachukua mbele ya watu, na watu watakuja kutazama, kama walivyokuja ukumbini. Sitaki wanangu waje kuchukuliwa. Nataka wapelekwe. Utawapeleka wewe kesho asubuhi. Mimi nitakwenda kwa kaka yangu Kinyala."

Nilimwambia asubiri, bado siku nne. Aliniuliza siku nne za kufanya nini. Nilikuwa nimefundishwa miaka mitatu namna ya kuuliza watu maswali, na sikuwa na lolote la kumpa isipokuwa fomu mbili tupu zilizobaki mfukoni mwangu, zimeloa. Akaniambia nilale pale, njia imekuwa ya utelezi. Akapika ndizi na maharage. Tulikula wote wanne, na mtoto mkubwa aliuliza kwa nini shangazi hali.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imekatika, na ukungu umekaa juu ya ziwa hata maji yasionekane. Wifi alikuwa amekwisha kuwaogesha mabinti, amewapaka mafuta, amewavalisha masweta ya shule. Godoro lao alilikunja akalifunga kwa kamba ya mgomba, akalibeba yeye mwenyewe kichwani. Mkubwa alishika furushi la nguo, mdogo alishika chungu kidogo ambacho hakukubali kukiacha. Tulipanda polepole tukapita mvule. Mpaka hapo watoto waliamini kwamba wanakwenda kumsalimia babu, na mdogo aliuliza mara mbili kama ndama wa ng'ombe mwekundu ataruhusu kushikwa.

Mahali njia yetu inapokutana na njia ya mzee, wifi alisimama. Alishusha godoro, akanitwisha. Aliniambia mdogo hukohoa usiku, asilale karibu na dirisha, hata kama ni zuri. Aliniambia mkubwa hasemi akiwa na njaa, inabidi aulizwe. Aliwafunga vifungo vya juu vya masweta, ambavyo vilikuwa vimekwisha kufungwa. Kisha akawaambia mama anapitia huku, akaingia migombani upande wa kushoto, na mabinti, waliokuwa wamemwona akifanya hivyo maisha yao yote kila walipokaribia kwa babu, hawakushangaa wala hawakulia.

Niliwashika mikono tukapanda. Baba mkubwa alikuwa amesimama uani, amevaa, mlango wa chumba cha mama mkubwa ukiwa wazi nyuma yake na sakafu imefagiliwa. Mabinti walipiga magoti wakamsalimia kwa Kinyakyusa, naye akawaitikia. Mkubwa akasimama, akapangusa magoti, akauliza godoro liwekwe upande gani.